Vidole Vilivyokatazwa Udongo

Jiko bovu kuliko yote aliyowahi kutengeneza mama mkwe wangu ndilo tunalopikia nyumbani. Limepasuka kwenye pembe ya mlango, ule mlango mdogo wa chini wa kutolea majivu, na ufa umepanda mpaka karibu na mdomo. Mume wangu amelifunga waya. Mfinyanzi hulia gaeni, na sisi wengine tunalia humo humo pamoja naye. Mazuri yote huenda sokoni.

Mtaani wanamwita Mama Majiko. Mimi namwita Mama, kwa sababu ndiye mama wa mume wangu, na kwa sababu nilipoolewa sikuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Ni mfupi, mwembamba wa mwili lakini mpana wa mabega. Hutembea upesi na kuongea polepole. Kazi yake ni kufinyanga kile chungu kinachokaa ndani ya jiko la mkaa. Bati la nje, linaloacha wazi chini na upande wa mlango, hukunjwa na kuchomelewa na mume wangu, fundi wa vyuma. Mama na mwanawe wakiunganisha kazi zao jiko linapatikana, na kila jiko likiharibika kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alifiwa na mume mtoto wake akiwa bado anatambaa. Siku moja akanunua jiko, akalibeba hadi uani, akachukua nyundo akalivunja vipande vipande ili aone lilivyo ndani. Majirani wakachungulia kwenye ua.

"Walisema marehemu ameondoka na akili zangu," hunisimulia, huku akicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Nikawaacha waseme. Mimi nilikuwa nataka kujua unene."

Sasa nyuma ya nyumba kuna banda la mabati, na chini ya banda kuna wanawake wa kikundi, kila mmoja na kalibu yake. Udongo unakandwa, unachanganywa na mchanga, unagandamizwa kwenye kalibu, unatolewa. Kisha kinachobaki ni ukingo, ule mdomo ambao sufuria itaukalia, na ukingo ndio kazi yenyewe. Wengine huulainisha kwa kokoto au kipande cha ngozi. Mama hutumia vidole vitupu. Anavichovya kwenye maji, anavizungusha juu ya ukingo, raundi kwa raundi, na sauti yake ni kama mtu anafagia uwanja wa mbali.

"Kokoto haina macho," husema. "Kidole kinaona."

Mwisho wa yote chungu kinageuzwa, na aliyekifinyanga anabonyeza dole gumba chini yake kingali kibichi. Hiyo ndiyo sahihi yake. Anaegemeza mwili mzima juu ya mkono ili alama ipone moto wa tanuri. Kila mwanamke alama yake ina mistari, ila ya Mama. Yake ilikuwa shimo laini tupu, kama mtu amelichimba kwa kijiko. Mnunuzi wetu wa sokoni hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa akipapasa chini ya jiko bila kuangalia, anasema: "Hili la Mama. Hili si la Mama." Majiko yangu mimi hayakuwa na alama yoyote. Anayejifunza haweki kidole mpaka Mama aseme, na Mama alikuwa hajasema.

Basi akaja dada wa shirika. Huyu ni binti mrefu mwenye mkoba mkubwa, ambaye hutembelea vikundi vya majiko na kutuletea habari. Safari hiyo alileta kubwa: ng'ambo kutakuwa na mkutano wa watu wa majiko kutoka nchi nyingi, na kikundi chetu kinatakiwa kutoa mtu mmoja akaeleze anavyofanya kazi. Wanawake hawakuhitaji hata kunyosha mikono. Wote walimgeukia Mama.

"Mimi? Mimi nikaongee na nani huko?" Mama akasema. "Hata bata wa huko wataniuliza pasipoti."

Dada akacheka, akamwonyesha kijitabu cha mkutano uliopita. Kulikuwa na picha ya mwanamke wa nchi nyingine, mtu mzima kama Mama, amesimama kando ya jiko lake. Mama alikitazama kijitabu kwa muda mrefu, akakileta karibu na macho, akakipeleka kwenye mwanga. Yule mwanamke wa pichani Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama mlango wa jiko.

"Hili limetumika," akasema. "Oneni masizi. Hili limepikiwa siku nyingi." Kisha akasema polepole zaidi, "Na halina ufa."

Kufa kwa majiko yetu kunaanzia hapo, kwenye mlango. Mama alikuwa amebadilisha udongo, ameongeza mchanga, amepunguza mchanga, ameyakausha kivulini, ameyachoma taratibu. Bado, mtu akilipikia kwa muda, ufa unaanza pembeni mwa mlango na kupanda.

"Huyu mama atakuwepo?" akamwuliza dada.

"Atakuwepo. Huwa hakosi."

"Basi nakwenda. Nina swali moja tu. Akinijibu, hata nirudi siku hiyo hiyo."

Dada akatuambia jambo moja la kuzingatia: mwaliko utaandikwa kwa jina la Mama, na muda ni mfupi. Mama akikosa viza, hakuna wa kuchukua nafasi yake. Kikundi kitakuwa kimekosa, na lile swali litabaki hapa hapa bandani.

Tukaanza kutafuta karatasi. Pasipoti ilipatikana bila vurugu nyingi. Ofisini kwao walitumia wino, Mama akagandamiza vidole, vikatoka kama madoa, na aliyekuwa akipokea hakusema neno. Laiti angesema. Picha ilitusumbua zaidi. Mpiga picha alimwambia asicheke, masikio yaonekane, atazame mbele. Mama akitoa uso mkavu anafanana na mtu aliyekuja kudai haki, na alipojiona akasema, "Huyu hata mimi nisingempa viza."

Kuhusu bima ya safari akamwuliza dada, "Yaani nikiugua huko, kuna mtu ameshalipwa anihurumie?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo nzuri. Hapa wananihurumia bure na hawaji."

Jirani yetu, fundi cherehani, alisikia kwamba huko kuna baridi. Akachukua blanketi jipya akamshonea Mama koti, lenye mifuko minne na kofia. Mama akilivaa, uso unaonekana kwa mbali kama mtu aliyeko kisimani. Fundi cherehani alimzunguka akivuta huku na huku, pini mdomoni.

"Simama wima, shoga. Baridi ya kule haina adabu, inaingia popote."

"Hili likiingia maji mtanibeba wangapi?"

Siku ya miadi tulikwenda watatu, Mama na mimi na mwanangu mchanga mgongoni. Mimi nilikwenda kwa sababu nasoma vibao bila kusitasita, na mtoto kwa sababu bado ananyonya. Ofisi ya viza iko ghorofani kwenye jengo la vioo. Viti vimefungwa pamoja kwa vyuma, mtu mmoja akitikisika safu nzima inatikisika. Watu wamekumbatia mafaili vifuani kama wamebeba wagonjwa. Hakuna anayeongea, ila mwanangu, ambaye alikuwa amegundua siku ile kwamba anaweza kupiga kelele akasikia mwangwi.

Mlinzi alitaka nibaki nje. Mama akamwambia kwa upole kwamba macho yake hayaoni maandishi madogo, na kwamba mkwewe ndiye miwani yake. Mlinzi akatutazama, akasogea.

Dirishani alikuwepo karani wa makamo, mwenye tai na sauti ya chini. Alipitia karatasi zote moja baada ya nyingine, na moyo wangu ukatulia maana hakuna aliyoirudisha. Akamwuliza Mama maswali machache.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kuuliza swali."

Karani akainua uso. "Na kwa nini utarudi?"

Mama akamshangaa. "Nina majiko hayajachomwa."

Karani akaandika. Sijui aliandikaje. Kisha akamwonyesha kifaa kidogo chenye kioo kinachotoa mwanga wa kijani, akamwambia aweke vidole vinne vya mkono wa kulia. Mama akaweka. Kifaa kikalia mlio mkavu, taa nyekundu. Akaambiwa afute mikono, akafuta. Nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Karani akafuta kioo kwa kitambaa, akazima, akawasha, akamwita mwenzake. Mwenzake akaja, akamshika Mama mkono, akaugeuza kiganja juu, wakatazamana.

"Mama, unafanya kazi gani na mikono hii?"

"Udongo."

"Vidole vimelika. Havina mistari."

"Mwanangu, vidole ninavyo vyote. Vihesabu."

Karani akacheka kidogo, lakini akasema kwa upole kile alichotakiwa kusema. Mashine isiposoma hawezi kupeleka maombi. Hajakataliwa. Atapewa miadi nyingine, ya mwisho inayoweza kuwahi mkutano. Mpaka siku hiyo aipumzishe mikono kabisa, asishike udongo, asifue, asioshe vyombo, apake mafuta. Mistari huwa inarudi, alisema, ngozi ikipumzika.

Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, kiganja juu, anaitazama kama watu wawili waliomfitini.

Sheria ilipitishwa nyumbani jioni ile, na mume wangu ndiye hakimu. Mama asiguse kitu. Asikande, asifue, asisugue, asimenye. Kila jioni nimpake mafuta. Mume wangu akamvalisha soksi mikononi, akarudi nyuma kumtazama.

"Bondia mstaafu," akasema.

"Sogea hapa nikuonyeshe kama nimestaafu."

Fundi cherehani alileta asali, kesho yake akaleta limau, na kesho kutwa akaja kuuliza kama tumejaribu vyote viwili pamoja. Wanawake wa kikundi nao kila mmoja alikuwa na dawa. Tungezifuata zote mikono ya Mama ingeiva.

Nilikuwa sijawahi kuishika ile mikono kwa muda mrefu. Nilipoipaka mafuta ndipo nilipoona kwamba kucha mbili za kulia zimeota upande, na kuna kovu la moto kwenye kifundo, na ncha za vidole zinang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Mwanzoni aliikaza, hakuzoea kushikwa. Baada ya siku chache akawa ananyosha mkono mwenyewe mafuta yakitolewa, huku akijifanya anatazama kwingine.

Mikono ikikosa kazi ilimsumbua kama jino. Aliikalia. Aliificha kwapani. Mwisho akaipa mjukuu wake, na mtoto akapata siku za raha. Mwanangu ana usingizi mwepesi, mimi nikipumua tu karibu naye anaamka na kudai haki zake. Lakini Mama alikuwa akimlaza mapajani, anapitisha ncha ya kidole juu ya nyusi zake, huku na huku, na mtoto hata kope hazichezi. Nilimwuliza anafanyaje.

"Simgusi," akasema. "Namkaribia tu."

Ukingo wa majiko ukawa kazi yangu. Mnunuzi alikuwa anasubiri mzigo wake, na hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi. Mama alikaa kwenye kigoda mbele yangu, soksi mikononi, anaamrisha kwa kidevu.

"Hapo umeacha nundu."

"Wapi, Mama?"

"Hapo."

"Hapa?"

"Sasa nikuonyeshe kwa pua?"

Ukingo wangu wa kwanza ulikuwa kama meno ya mbuzi mzee. Aliutazama, akapumua kwa nguvu, akasema, "Sufuria haitaanguka. Itacheza ngoma, lakini haitaanguka." Nilivunja nikaanza tena. Ncha za vidole vyangu ziliwaka moto siku za mwanzo mpaka kumfunga mtoto nepi ikawa taabu. Nikawaza, kumbe ndiko mistari yake ilikoishia.

Siku moja niliingia ndani kunyonyesha. Niliporudi nikasikia kabla sijafika bandani: mtu anafagia uwanja wa mbali. Nilinyata. Mama alikuwa ameinama juu ya chungu changu, soksi ziko chini, vidole viko kwenye ukingo vinazunguka, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayekunywa maji baada ya kutembea juani.

"Mama!"

Akaruka. Akaificha mikono nyuma, mtu mzima yule, bibi wa mtu.

"Kulikuwa na nzi," akasema.

"Nzi kazunguka ukingo wote?"

"Alikuwa nzi mbishi."

Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyojijua. Nikamwambia sisi wote tunabeba kazi yake ili aende, kikundi kizima kinamtegemea, na lile swali si lake peke yake, hata mimi jiko langu lina ufa. Nilisema kwa sauti. Nilipomaliza nikashtuka, maana sijawahi kumfokea, na mkwe hamfokei mama mkwe. Nikangoja.

Mama akaokota soksi, akazikung'uta, akavaa moja, akaninyoshea mkono wa pili nimvalishe.

"Umekuwa mkali," akasema. "Vizuri. Banda linataka mtu mkali."

Tangu hapo hakuigusa tena kazi. Alichoomba ni kitu kimoja, apimwe. Hatukuwa na mashine ya kioo, lakini tulikuwa na udongo. Nilikanda donge laini, nikalipapasa mpaka likawa sawa, naye akabonyeza dole gumba mara moja tu, kisha nikamwosha kidole hicho hicho na kumpaka mafuta. Tukapeleka donge kwenye mwanga. Shimo la kijiko, kama siku zote. Tukangoja, tukapima tena. Pembeni kulikuwa na mistari miwili mitatu, myembamba kama nyasi zinazoanza kuota kando ya njia. Tukangoja tena. Siku ya mwisho kabla ya miadi wanawake wote wa kikundi waliacha kazi wakatuzunguka. Mama akabonyeza, akatoa kidole. Mistari ilikuwa imejaa, inazunguka na kukutana katikati, kama maji yaliyotupiwa jiwe.

Mama alilishika donge lile akaligeuzageuza.

"Kumbe na mimi ninayo," akasema. Baadaye nililiona kwenye dirisha la chumba chake, juu ya gazeti, linakauka.

Kwa hiyo tulirudi ghorofani tukiwa na uhakika. Karani alikuwa yule yule, na alitukumbuka, au alimkumbuka mwanangu. Mama akatoa mikono yake laini akaiweka mezani kama mtu anayeonyesha kitambaa kipya. Karani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akawasha kifaa. Mama akaweka vidole.

Nyekundu.

"Jaribu tena, Mama. Usitikisike."

Hakutikisika. Nyekundu. Mkono mwingine, nyekundu. Karani akakunja uso, akainama kutazama vidole vyenyewe. "Mistari ipo," akasema, kwa mshangao wa mtu anayeona chakula mezani na bado anaambiwa hakuna. "Bonyeza kidogo zaidi, labda." Mama akabonyeza zaidi. Nyekundu ikaja upesi kuliko mwanzo. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na mtu mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Karani akatazama saa ya ukutani. Nilijua maana yake. Miadi nyingine haikuwepo.

Mama alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. Akaweka tena vidole, na safari hii niliacha kutazama taa nikamtazama yeye. Kucha zilikuwa nyeupe. Kiwiko kimekaza. Bega la kulia limepanda, na mwili wote umeegemea mkono, kisigino kimeinuka kidogo kutoka sakafuni. Hayo mapozi nilikuwa nayaona kila siku. Alikuwa anaweka alama chini ya jiko. Tangu mara ya kwanza alikuwa anaweka alama chini ya jiko, na kila alipoambiwa abonyeze alitia nguvu aijuayo, mpaka mistari yote tuliyoingojea ikalala chini kama nyasi zilizokanyagwa.

"Mama," nikasema. "Hilo si jiko."

Akanigeukia bila kuondoa mkono. "Nini?"

"Unakigandamiza. Hicho kioo hakichomwi, Mama. Weka kama unavyompitishia huyu kidole kwenye nyusi akilala. Usikiguse. Kikaribie tu."

Akamtazama mtoto mgongoni mwangu, ambaye kwa bahati alikuwa amelala kwelikweli, mdomo wazi. Akatoa mkono. Akashusha pumzi, na bega likashuka pamoja nayo. Kisha akaviteremsha vidole vinne juu ya kile kioo taratibu, taratibu, kama anaogopa kukiamsha.

Kijani.

Karani alisema "Ahaa!" kwa sauti ambayo nadhani haitumiki sana katika ofisi ile. Mkono wa kushoto, kijani. Madole gumba mawili, kijani. Yule aliyekuwa akikohoa nyuma akapiga makofi mara moja, kisha akajizuia. Mwanangu akaamka akaanza kulia, tukatoka naye akilia hivyo hivyo.

Viza ilitoka wiki ya safari yenyewe. Mama alipoiona pasipoti ndani ya bahasha yake, akaisoma picha ile ya mtu anayedai haki, akaifunga, akavua soksi, na kuelekea bandani.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akamwuliza.

"Kazini. Wameshanipa."

"Dada amesema ukishuka uwanja wa ndege wa kule wanapima tena vidole."

Mama alisimama katikati ya uwanja. "Kwani hivi vidole vimemwibia nani?"

Akavaa soksi zake.

Aliondoka amevaa koti la blanketi, mifuko yote minne imejaa, hata ikabidi dada wa shirika, aliyesafiri naye, amsaidie kuketi. Nilitaka aniambie neno la kuagana. Akaniambia, "Funika udongo kwa gunia bichi." Nikamwambia nimesikia.

Siku ya pili ya mkutano simu ya mume wangu ililia nikiwa bandani, mikono imejaa tope. Aliniwekea sikioni. Sauti ya Mama ilikuwa kubwa, maana haamini kwamba simu inaweza kufika mbali bila kusaidiwa.

"Nimemwona! Yule wa kwenye picha!"

"Umemjuaje, Mama?"

"Nilimtambua sura, lakini nikasema ngoja nimshike mkono, mfinyanzi simkosi mkononi. Nikamshika. Mwanangu, mkono laini kama wa mtoto! Nikavunjika moyo, nikasema huyu amepigwa picha tu, hajui udongo. Naye ananitazama vibaya vile vile, maana na wangu ni laini. Tukasimama hapo tunadharauliana. Dada alipomwuliza, kumbe hata yeye walimrudisha! Hata yeye wamemnyima udongo, wamempaka mafuta kama mwali. Tulicheka mpaka watu wakaacha kuhutubia."

"Na swali?"

"Nimeuliza. Ameniambia kwa mikono, hata mkalimani hakumhitaji. Ni pembe. Sisi tunakata mlango kwa kisu, unakuwa na pembe, na ufa unapenda pembe, unapata pa kuanzia. Yeye wake hauna pembe, juu umeinama kama kucha. Ndiyo hiyo tu. Miaka yote nimehangaika na udongo, kosa liko kwenye kisu." Nilisikia watu wengi nyuma yake. "Hapo ulipo una chungu kibichi?"

"Ninacho."

"Kata mlango mviringo sasa hivi, nisikie."

Nikachukua kikombe cha bati, nikakigeuza, nikasukuma nusu ya mdomo wake kwenye udongo. Kipande kikadondoka safi, kama mwezi nusu. Nikamwambia tayari.

"Na ule mzigo uliochomwa juzi, mnunuzi amesema nini?"

"Amepapasa chini hakuona kitu. Ameuliza ni wa nani."

"Hakuona kitu? Hukuweka kidole?"

"Hujasema, Mama."

"Haya, nimesema. Au unataka wafikiri yanafinyangwa na malaika?" Kisha akamwita dada, akampa simu, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwonyesha koti.

Mume wangu alichukua simu yake akaifuta tope. Nikakigeuza chungu. Nikakiweka sawa juu ya ubao, nikainua kisigino, nikaegemeza bega, na nikabonyeza dole gumba kwa nguvu zangu zote.